Jino la Mchinjaji

Lyon, 8 Februari 1998

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Naubusu mkono wako na kichwa cha mama. Mimi ni mzima, kikohozi cha baridi kimeniacha, na Idi niliisali na watu wa Rissani wanaoishi mtaa wa pili. Tulikula, tukawataja wa nyumbani mmoja mmoja mpaka chai ikapoa. Goti la mama vipi? Na kifua chako? Usiniandikie kwamba ni vumbi tu. Hilo vumbi ndilo ninaloliuliza.

Kazi ipo. Bado nasafisha mifupa ya kale kwa Bwana Vasseur, na sasa limekuja jambo lililonichekesha peke yangu kwenye basi. Kuna duka kubwa linataka dinosauri wawili wasimamishwe ukumbini wakipigana, Mvuvi na Mchinjaji. Hapa wanawaita Spinosauri na Karkarodontosauri, lakini ni walewale wetu: mmoja wa pua ya mamba na tanga mgongoni, mwingine wa meno ya kisu. Wiki nzima karakana imegawanyika juu ya nani amweke nani chini. Bwana Vasseur anataka Mchinjaji awe juu, eti watoto watampenda. Bi Roussel, yule msomi anayekuja kukagua mifupa yetu, anasema haya ni maneno ya vijiweni, kwani haujapata kuonekana mfupa hata mmoja unaothibitisha kwamba hao wawili waligusana. Nikawaambia baba yangu amewachimba wote wawili miaka ishirini na sita, nitamuuliza. Wakacheka, si kwa ubaya.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipigana uani? Mimi Mchinjaji, wewe Mvuvi. Nakung'ata mkono, unaanguka chali, mama anagomba kwa ajili ya nguo. Kila siku nilishinda mimi. Basi niambie kweli, nani angeshinda?

Na lile neno letu lipo palepale. Uliniahidi huu ni msimu wa mwisho. Baba mdogo Bassou ana miaka minane chini ya lile genge lililomfukia na hatukumtoa hata kiatu, tulimsalia mbele ya mawe. Mama hasemi, lakini mimi najua anavyokaa mlangoni kila jioni. Toka humo, baba.

Mwanao,
Yidir


Taouz, 1 Machi 1998

Mwanangu Yidir,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika, ila Hammou aliisoma kabla yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda posta Rissani na mwenzangu huyu wa shimoni hana haya. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi, jioni linasahau. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Kifua changu ni vumbi tu.

Nilikuwa naanguka kwa sababu ulikuwa na miaka mitano. Usijenge elimu juu ya hilo.

Swali lako limeniharibia kazi siku tatu. Tukikaa mdomoni mwa shimo kula mkate wetu wa kitunguu na mafuta, Hammou anaanza. Yeye ni wa Mchinjaji, kama marehemu mdogo wangu. Anasema, mtazame jino lake, limelala ardhini tangu kabla ya watu na bado likikupitia kidoleni unatoka damu. La Mvuvi ni kama msumari, la kudaka samaki, utamuua nani na msumari? Nami namwambia kila siku jambo lilelile. Kwanza, kucha ya Mvuvi. Umeisahau? Mundu mzima. Pili, hesabu. Kwa kila jino moja la Mchinjaji tunaokota kumi ya Mvuvi. Hapa leo punda hapati maji, lakini mchanga tunaouchimba ni wa mto, hata wewe ulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mto ulikuwa wa nani? Mchinjaji akija kunywa alikuwa mgeni, na mgeni anayejifanya mwenye nyumba tunajua anavyoishia.

Hammou akanijibu kwamba mimi nampenda Mvuvi kwa sababu naye alikuwa na pua ndefu.

Sasa sikiliza, na usimwambie mtu. Alhamisi tumelipata taya la Mvuvi, mle ndani kabisa, kando ya nguzo ya mwamba. Kipande cha kutosha urefu wa mkono. Ndani ya mfupa, Yidir, limo jino la Mchinjaji. Limeingia ubavuni mwa taya likavunjikia humo. Na mfupa umevimba kulizunguka kama kidonda kilichofunga. Nililiangalia kwa taa mpaka Hammou akadhani nimezirai.

Kuhusu ahadi, sijaisahau. Lakini mifupa yangu imekwenda Japani, imekwenda Amerika, na hakuna hata mmoja ulioandikwa jina langu. Wanaandika jina la aliyenunua. Bassou alikufa akitoa kichwa ambacho sasa kina jina la daktari wa meno. Nipate kitu kimoja tu ambacho watu watasimama mbele yake wasome kwamba Addi ndiye aliyekitoa. Siku hiyo nitaitupa sururu na mama yako atafunga mlango mapema. Naona kitu chenyewe ndicho hiki.

Baba yako,
Addi


Lyon, 19 Machi 1998

Baba,

Asalaam aleikum. Natumaini nyote wazima, mapacha wa mbuzi nao wanakua. Mimi sijalala tangu barua yako ije, kwa hiyo nitasema haraka.

Usikiguse. Nakuomba kwa jina la mama. Usikioshe, usikipige brashi, usitoe hata chembe ya mchanga. Kifunge vilevile na udongo wake ndani ya kitambaa chenye plasta, kama tulivyofanya kwa ule mguu wa mnyama. Nilimdokeza Bi Roussel, bila kusema kimetoka wapi, nikamuuliza: kungekuwa na kitu kama hicho? Akaweka kikombe chini. Akasema kikiwapo, na kikiwa safi, jina la aliyekitoa litaandikwa kabla ya jina la mnyama. Hayo ni maneno yake, baba. Hawa watu wameona meno mengi yaliyobandikwa kwenye taya zisizo zake, hawaamini tena chochote kutoka kwetu. Wakiona tone moja la gundi wanageuka.

Mpe Lhou, anayetuletea mizigo huku, akija na gari lake baada ya Idi ya kuchinja. Mwambie akipakate.

Kisha utoke humo shimoni. Sasa huna sababu.

Mwanao,
Yidir


Taouz, 22 Machi 1998

Mwanangu,

Salaam na baraka. Sote wazima. Sijapata jibu lako, lakini siwezi kungoja kukuambia, maana nimefurahi kama niliyeoa.

Kipande kilitoka kichafu mno, huwezi kumpelekea mtu wa maana kitu cha namna ile ukaonekana huna adabu. Nimefanya kazi siku nne. Lile jino lilikuwa linacheza kidogo na nyuma yake kumejaa tope, basi nililing'oa polepole kwa msumari, nikaliosha, nikasugua tundu lake, nikalirudisha. Limekaa sawasawa. Pale palipobaki mwanya nimejaza gundi na mchanga wa palepale, nikapaka mpaka kwenye ule uvimbe ili rangi iwe moja. Mimi mwenyewe nikiligeuza juani sioni palipoungwa. Hammou naye haoni. Mama yako amesema ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nusu nyingine ya taya imebaki ukutani, chini ya nguzo. Nguzo haichimbwi, unajua, ndiyo iliyobeba dari. Tulichopata kinatosha.

Lhou ataondoka siku ya nne ya Idi. Nimekifunga kwenye blanketi lako la zamani.

Mwambie huyo bibi wa mifupa kwamba jina langu ni Addi tu, lisiandikwe kwa madoido.

Baba yako


Lyon, 26 Aprili 1998

Baba,

Asalaam aleikum. Mzima. Natumaini nanyi.

Barua zetu zilipishana njiani. Yangu ilisema usikiguse. Nadhani uliipokea ukiwa umeshakipaka kama ukuta wa arusi.

Lhou alikileta Jumanne. Nilikifungua mbele ya wote, nikiwa nimewaita mimi mwenyewe. Bi Roussel alikiwekea taa ya rangi ya zambarau ambayo gundi chini yake inang'aa. Kiling'aa chote. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba aliyekitengeneza ana mikono mizuri, kisha akauliza: "Kama ni kweli, ncha ya jino iko wapi? Jino limevunjika, na ncha haimo." Bwana Vasseur alicheka mpaka akakaa, akakitupa kwenye sanduku la vitu vya kughushi, juu ya zile chaza za mawe tulizoletewa na watu wa mjini. Sasa wanamsimamisha Mchinjaji akiwa juu.

Siwezi kukuficha, nimeona haya. Miaka minne nimewaambia hawa watu kwamba baba yangu si kama wengine. Mikono yako imezoea gundi, haiwezi tena kukiacha kitu cha Mungu kama kilivyo. Ulikuwa na ukweli mkononi ukaufanya uongo kwa kuuremba.

Basi yameisha. Toka shimoni kama ulivyoahidi. Hakuna tena cha kungoja.

Yidir


Taouz, 14 Mei 1998

Yidir,

Waaleikum salaam. Mama yako anakusalimu. Hajui ulichoandika, nilimsomea barua nyingine.

Nimeisoma yako mara nyingi. Sijawahi kumuuzia mtu uongo. Nilisafisha kwa sababu nilikuwa napeleka kwa mwanangu. Lakini mikono ni yangu na gundi ni yangu.

Huyo bibi ameuliza ncha ya jino iko wapi. Mimi najua ilipo. Imo kwenye nusu ya pili, chini ya nguzo, mahali jino lilipotokeza upande wa ndani. Mipasuko itaingiana, hata mtoto ataona.

Hammou amekataa. Amesema maneno makali, ametaja jina la Bassou, akaondoka na toroli lake. Sikumlaumu. Nimenunua magogo matatu ya mtende, nitayasimamisha kwanza, ndipo niipunguze nguzo kidogo kidogo upande mmoja. Nitaanza Jumamosi ya wiki ijayo, shayiri ikishavunwa. Nadhani ni kazi ya siku sita.

Nitakitoa na sitakigusa. Utakuja mwenyewe ukichukue na tope lake.

Addi


Lyon, 27 Mei 1998

Baba yangu mpendwa,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatu. Naubusu mkono wako, nabusu miguu yako. Barua yako imefika jana. Usiiguse nguzo. Kama umeshaanza, iache, toka, kaa na mama. Nimepiga simu duka la Rissani mara tatu tangu jana, mwenye duka amesema atatuma mtu wa pikipiki. Barua hii nayo naituma ya haraka, lolote litakalotangulia likukute uani.

Ncha haihitajiki, baba. Sikiliza nilichofanya.

Kwanza nikiri. Siku ile Bi Roussel alipouliza nani ametengeneza kipande hiki, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na Lhou yupo mlangoni. Nikasema sijui, kimetoka kwa wachuuzi. Nilikukana mbele za watu. Halafu nikarudi nyumbani nikakuandikia wewe kwamba umeniaibisha. Wiki tano nimelificha hilo.

Jana, baada ya kusoma, nilikwenda kwenye lile sanduku. Kazi yangu ni kusafisha, na hicho kimoja sikukisafisha, kwa hasira tu. Nilikiloweka asetoni, nikatoa gundi yako kwa sindano. Chini ya gundi ule uvimbe upo, baba. Kama ulivyosema tangu siku ya kwanza. Mfupa umeota kulizunguka jino, umepanda juu yake kama mdomo. Gundi haioteshi mfupa. Nilimwita Bi Roussel, akainama juu yake kwa lenzi muda mrefu sana, akasema mnyama huyu aliishi mwaka mzima au zaidi baada ya kung'atwa. Mchinjaji alimvamia, akamng'ata usoni, akaacha jino lake humo. Na Mvuvi aliondoka akaendelea kuvua samaki.

Akauliza tena nani aliyekitoa. Nikasema ni baba yangu, Addi wa Taouz. Ameandika mbele yangu, bila madoido. Bwana Vasseur amesimamisha kazi ya ukumbini, wanyama watageuzwa.

Umeshinda ule ubishi. Nenda ukamwambie Hammou. Mimi nakuja mwezi ujao, nitakung'ata mkono tena na safari hii usianguke.

Mwanao asiyestahili,
Yidir


Taouz, 16 Juni 1998

Baba,

Sijui nikusalimu vipi. Mama ameniuliza namwandikia nani, nikasema ni watu wa kazini.

Hammou amenisimulia. Hakuingia nawe, lakini kila siku alikuja akakaa nje na birika, akidai amefuata kivuli. Siku ile ya Alhamisi ulitoka mchana, ukanywa glasi mbili. Mtu wa pikipiki akafika kutoka Rissani na kukuambia mwanao anataka umpigie simu, ni haraka. Ulimjibu: "Nimpigie nina nini mkononi? Mwambie jioni, nikiwa nacho." Hammou alikushika kanzu. Anasema ulimtoa vidole kimoja kimoja, taratibu, unacheka.

Alasiri dari ikashuka, watu wa vijiji vitatu wakachimba siku mbili. Wewe walikupata, baba. Ulikuwa hatua saba kutoka mdomoni, unatoka, ulishamaliza. Ulikuwa umelala kifudifudi juu ya kilemba chako, na ndani ya kilemba kimo kipande. Wamekuzika karibu na barabara, si mbali na genge, ili uwe karibu na Bassou. Mimi nilifika siku mbili baada ya maziko.

Nimekifungua mara moja tu. Ncha imo. Nina picha ya ile nusu ya Lyon na ninaona kwa macho mipasuko inavyoingiana. Bi Roussel ametuma salamu za rambirambi, anangoja kwa adabu, lakini najua anangoja. Sijamjibu bado.

Hammou alikuja kunipa mkono, akaniuliza ni kweli kwamba Mvuvi alipona? Nikamweleza habari ya mfupa ulioota. Akalia kuliko alivyolia siku ya maziko. Amesema hatabishana tena. Mama alikuwa anatusikiliza kutoka jikoni. Alikuja akasimama mlangoni, pale anapokaa kila jioni mpaka leo, akasema mnaulizana nani alishinda kama watoto, ameshinda yule aliyemchukua mume wangu, na hao wanyama wenu walimchukua wote wawili kwa pamoja. Kisha akarudi kwenye mkate wake. Nadhani anajua barua yangu ya Aprili ilisema nini. Ameikuta kwenye koti lako. Hajui kusoma, lakini alimpelekea mtu.

Ile barua yangu ya haraka ilifika siku ya tatu baada yako. Mama hakuifungua. Aliiweka dirishani upande wa chumba chako, na kwa kuwa kuna upepo amelaza chupa juu yake isipeperuke. Ni chupa yako ya gundi. Imejaa, kifuniko hakijakatwa. Hammou anasema uliinunua sokoni ile wiki uliyonunua magogo, kwa mazoea, na asubuhi ya kwanza ulipokuwa unaondoka kwenda kwenye nguzo ukaitoa mfukoni ukaiacha nyumbani.

Mwanao,
Yidir